Zawadi ya Macho

Bi Turan aliingia kliniki ya macho na sanduku la peremende mikononi kama mtu aliyekwenda kuposa. Alianza na msichana wa mapokezi, akaenda kwa mzee aliyefungwa bandeji jicho la kushoto, kisha akapita benchi kwa benchi.

"Kuleni, tieni utamu kinywani. Yule pale ni mkwe wangu. Leo anapata macho mapya. Zawadi yangu mimi."

Watu walichukua, wakashukuru, wakageuza shingo kumtazama huyo mkwe. Taraneh alikuwa amekaa pembeni, mkoba magotini, miwani yake minene usoni. Kila aliyetafuna peremende ile ya pistachio alimtazama kwa huruma, kana kwamba ni mtoto aliyeokotwa barabarani akavikwa viatu.

"Mama, inatosha," Ardalan alinong'ona.

"Inatosha nini? Mpe na yule wa mlangoni."

Ardalan akampa yule wa mlangoni.

Taraneh alimtazama mchumba wake akirudi na sanduku tupu. Mabega yake mapana, shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe, na ule mwendo wake wa kuomba radhi hata pale asipokosa. Alimpenda. Jambo hilo lilimkera zaidi asubuhi ile kuliko mambo mengine yote, maana kama asingempenda angekwisha kusimama na kuondoka.

Zawadi yenyewe ilizaliwa sebuleni kwao, siku wazee walipokutana kupatana mahari. Baba yake, Bwana Heshmat, muuza njugu na pistachio, alikuwa mtu wa adabu za kale, na Isfahan, mji wao, ni mji wa adabu. Mwenye teksi hukwambia usilipe. Mwenye duka hukwambia bidhaa hii si kitu mbele yako, chukua tu. Nawe huchukui, unakataa, mnabishana, mwisho unalipa na kila mtu anakwenda zake na heshima yake. Kinachotolewa hukataliwa mara tatu. Ukikubali baada ya hapo, mara nyingi umekubali kwa ulimi tu, na mwenzako anajua.

Siku ile Bi Turan aliweka kikombe chini akasema, "Na mimi nitampa bibi arusi macho. Nitamlipia leza, avue hiyo miwani kabla ya arusi."

Bwana Heshmat akakataa. "Kivuli chako kisipungue, Bi Turan, hatustahili." Akakataa tena. Akakataa na mara ya tatu. Bi Turan aliposhikilia, akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. "Binti ni wako, macho yake ni yako. Mimi ni nani?"

Alidhani maneno hayo yatapanda na mvuke wa chai yakapotelee darini. Lakini Bi Turan alizaliwa mitaa miwili tu kutoka pale, akanyonya adabu zilezile. Alijua fika maneno yale yana uzito gani, na akayabeba kama yalivyo. Kesho yake alipiga simu kliniki na kulipa kila kitu. Alasiri shangazi wote wa Ardalan walikwisha kupata habari. Bwana Heshmat alipoambiwa, alikaa juu ya gunia la lozi dukani mwake. Angesemaje? Amtangazie mwanamke wa watu kwamba ukarimu wake aliukubali kwa uongo?

Sauti iliita jina la Taraneh. Wakainuka wote wanne, Bwana Heshmat akiwa wa mwisho.

Daktari Nahid alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti kavu na mikono midogo. Aliwatazama walivyojaa mlangoni.

"Mgonjwa ni nani?"

"Huyu," alisema Bi Turan. "Ila si mgonjwa. Anaona vibaya tu."

"Viti ni viwili. Akae yeye, na mtu mmoja."

Bi Turan akakaa. Bwana Heshmat na Ardalan wakabaki wima ukutani kama makoti.

Daktari alimtazama Taraneh machoni kwa taa yake, kwanza hili kisha lile, akaandika, akarudi kitini.

"Sikiliza, binti. Nyama ya mbele ya jicho, ile angavu kama kioo, tunaiita konea. Leza inaichonga ili mwanga utue pahali pake. Utatiwa dawa ya ganzi, hutasikia maumivu, na kazi yenyewe humalizika kabla chai haijapoa. Wengi huamka kesho yake wakasoma vibao vya barabarani. Nimeona watu wazima wakilia kwenye kiti hicho kwa furaha."

"Si nilisema," alisema Bi Turan, akimgeukia Ardalan.

"Sijamaliza, mama. Macho hukauka. Kwa wengi ni miezi, kwa wachache ni miaka. Taa za usiku zinaweza kuota miale pembeni. Mara chache uchafu huingia, kidonda kikatunga usaha. Mara chache zaidi, konea hudhoofika ikachomoza mbele, na hapo miwani ya kawaida haisaidii tena. Hao ni wachache sana. Lakini yakimfika mtu, hawezi kujifariji kwamba wao ni wachache."

"Unamtisha mtoto."

"Namweleza. Kuna kipimo kimoja hakijatoka, cha unene wa konea yake. Ikiwa nyembamba simgusi. Una swali, binti?"

Taraneh alikuwa na swali moja, na alikuwa amelibeba kwa muda mrefu.

"Mimi nachora, daktari. Picha ndogo, juu ya vijisanduku vya mfupa wa ngamia. Brashi yangu ni ya nywele za paka, na kwa mstari mwembamba natumia unywele mmoja. Nikichora navua miwani, naweka kazi hapa." Aliinua kiganja mpaka karibu na ncha ya pua. "Hapa naona kila ukope wa farasi. Baada ya leza nitaona hapa?"

Daktari aliweka kalamu chini. Alichukua muda kabla ya kujibu, na Taraneh akampenda kwa muda huo.

"Si kama sasa. Macho yako yameumbwa kuona karibu, ndiyo maana mbali yamekushinda. Nikiyatengeneza yaone mbali, nitakuwa nimeyatoa hapo kwenye pua. Kwa ujana wako utaweza kuyalazimisha, lakini kwa kitambo, na yatachoka. Sasa hivi hapo ndipo yanapopumzika. Ukishapita miaka arobaini, kilicho karibu kitafifia, utavaa miwani ya kukitafutia. Na huo ukavu niliousema: mtu anayevuta mstari wa unywele mmoja hapepesi. Utaumwa."

"Hakuna njia ya kupata yote mawili?"

"Kuna miwani ya kukuza, kama ya sonara. Wengine wanaizoea. Siwezi kukuahidi mkono wako utaizoea."

Bi Turan alicheka kidogo kwa pua. "Daktari, tusipoteze siku. Huyu anaolewa. Mumewe ni mhandisi, hajashindwa kumlisha hata akae anapaka rangi makasha. Mimi nataka wajukuu wasiozaliwa na vioo usoni. Ndiyo maana ya gharama yote hii."

"Wajukuu?"

"Wajukuu. Wasirithi."

Daktari Nahid alimtazama kwa utulivu. "Leza inachonga konea, mama. Haifiki kwenye damu. Watoto watarithi macho aliyozaliwa nayo mama yao, siyo tutakayomchongea sisi hapa."

Ukutani Bwana Heshmat alikohoa kikohozi kisichokuwa na mafua. Shavu la Bi Turan lilipanda wekundu, kisha likashuka.

"Basi angalau watu wasijue wameyarithi kwa nani," alisema.

"Mashine iko tayari mchana huu," alisema daktari, akisimama. "Kipimo kikitoka nitamtuma muuguzi. Nitamwuliza binti peke yake, na atanijibu peke yake. Nendeni mkapunge hewa."

Uani kulikuwa na mkomamanga mmoja na benchi la mawe. Bi Turan alimchukua Bwana Heshmat kwenda kunywa chai kwenye kibanda cha pembeni, na vijana wakajua wamepata nafasi, maana wawili wale hawangetoka mpaka wabishane vya kutosha nani alipe.

Ardalan hakukaa. Alisimama mbele ya Taraneh, jua likiwa mgongoni kwake.

"Umemuudhi Mama."

"Nimemwuliza daktari swali."

"Kuna maswali ya kuulizwa mbele ya watu, na kuna maswali ya..."

"Macho ni yangu, Ardalan. Ningeuliza lini, nikishalazwa chini ya mashine?"

Alipumua, akachuchumaa ili nyuso zao zilingane. Alipofanya hivyo alikuwa mzuri mno, na Taraneh akatazama mkomamanga.

"Taraneh jan, mpenzi wangu, mimi sikutakii mabaya. Wewe mwenyewe uliniambia unachukia kuamka ukipapasa kama kuku gizani. Uliniambia mvuke wa wali ukipanda hulioni sufuria. Uliniambia ulivyoanguka kwenye ngazi za shule, wenzako wakakuita Chupa mpaka ukamaliza masomo. Ni mimi niliyeyatunga?"

Hakuyatunga. Hilo ndilo lililouma. Alipokuwa na miaka kumi na tisa Taraneh alimlilia baba yake wiki nzima apelekwe kwenye leza hiyohiyo, na Bwana Heshmat akaogopa. Kisha akaingia karakana ya wachoraji, akavua miwani mbele ya kipande cha mfupa, na kwa mara ya kwanza maishani macho yake mabovu yakawa bora kuliko ya kila mtu chumbani. Tangu hapo alikuwa na mizani yenye pande mbili moyoni, na haikupita siku asizipime.

"Niliyasema," alijibu. "Na leo nayasema tena. Ningependa kuamka nikaiona dari. Ningependa kuingia bwawani nikajua nani ananipungia mkono. Kama ningekuwa karani wa benki ningekuwa nimeshalala kwenye mashine, tena kwa mbio. Lakini mizani ni yangu, na upande wa pili kuna mkono wangu."

"Mkono gani? Ni vijisanduku, Taraneh. Watalii wanawekea vidonge vya presha."

Akamgeukia sasa. "Wewe ulinunua kimoja. Uliwekea nini?"

"Nilimpa Mama."

"Naye?"

"Anawekea pini."

"Miezi miwili ya macho yangu," alisema Taraneh. "Pini."

"Usigeuze kila kitu kuwa tusi."

"Sikigeuzi. Kimekuja kimegeuzwa."

Ardalan alisimama, akazunguka mkomamanga, akarudi. Aliposema tena sauti yake ilikuwa imeshuka, na Taraneh akatambua kwamba sasa anaambiwa ukweli.

"Mama anataka mambo yake. Wajukuu, picha za arusi, shangazi wanyamaze. Mimi sitaki hayo. Unajua ninachotaka? Ile siku niliyoingia karakana kwenu. Ulikuwa umeinama, miwani iko mezani. Ukainua macho. Taraneh, hakuna mtu aliyewahi kunitazama vile. Macho makubwa, yametulia, kama mtu aliyekuwa akiningoja tangu utotoni. Ukatabasamu. Nilisahau nilikuja kununua nini. Tangu siku ile nikikutazama nakutana na vioo. Nataka macho yale. Nataka unitazame vile nyumbani kwangu, asubuhi na jioni, mpaka nizeeke. Ni dhambi hiyo?"

Mwanamke husubiri maneno kama hayo maisha yake yote, na wengine huzikwa bila kuyasikia. Angeweza kunyamaza. Alikuwa amenyamaza mwaka mzima, kwa sababu kisa kile kilikuwa kizuri kikisimuliwa na Ardalan, na hakutaka kukiharibu. Lakini leo alikuwa anaombwa akilipie kwa macho.

"Ardalan," alisema, "siku ile sikukuona."

"Unasema nini?"

"Niliona kitu kirefu cheusi mlangoni. Bila miwani, kutoka pale mpaka mlangoni, mtu na kabati kwangu ni sawa. Nilidhani ni mtu wa chai amekuja kuchukua trei. Nikatabasamu kwa sababu nilitaka kikombe kingine."

Rangi ya uso wa Ardalan ilibadilika polepole.

"Macho uliyoyapenda ni macho yasiyoona," aliendelea, na kila neno lilimchoma yeye kwanza. "Yanatulia vile kwa sababu hayana cha kushika. Ukinipeleka kwa leza yataanza kuona, na yakianza kuona hayatakutazama vile tena. Utakuwa umelipia kukipoteza hichohicho unachokitaka."

"Kwa hiyo mimi nilikuwa mtu wa trei."

"Siku ile."

"Na mwaka mzima umeniacha niwasimulie watu. Nimewasimulia rafiki zangu. Nimemsimulia Mama."

"Uliporudi wiki ya pili nilikuwa nimevaa miwani. Nikaona una kovu kidevuni na umejikata ukinyoa. Nikaona mkono wako unatetemeka ulivyokishika kijisanduku, unaogopa kukivunja. Hapo ndipo nilipokupenda. Mimi nilikupenda kwa kukuona, Ardalan. Wewe ulipenda kutazamwa."

Alimwona anavyoumia, mstari kwa mstari, kuanzia pembe za mdomo. Alitamani kuinua mkono amguse lile kovu. Hakuinua.

"Mama alisema una ulimi," Ardalan alisema. "Alisema nisioe mwanamke wa kazi ya mikono, anazoea kukwangua kila kitu aone chini kuna nini. Nikagombana naye siku tatu kwa ajili yako."

"Siku tatu. Halafu ukabeba peremende."

"Ulitaka nimpige?"

"Nilitaka useme neno moja mbele yake. Lolote. Hata lisilo na adabu."

Muuguzi alitokea mlangoni, akawapungia. "Bibi Taraneh, kipimo kimetoka. Konea iko vizuri, unene unatosha. Daktari anakungoja, ukiwa tayari." Akarudi ndani.

Ardalan aliutazama mlango uliofungwa, na Taraneh akaona wazo linamjia usoni kama mtu aliyeona upenyo kwenye ukuta.

"Sikiliza," alisema haraka. "Usifanye. Nimekuelewa, usifanye. Lakini tuseme daktari amekataa. Konea nyembamba, basi. Tuliosikia ni mimi na wewe. Baba yako hatavunja neno lake, Mama hatakuwa amedharauliwa, shangazi watasema maskini, wiki mbili watasahau. Unabaki na macho yako, nabaki na wewe. Kwani tunamdhuru nani?"

Lilikuwa jambo jepesi mno. Taraneh alililamba moyoni kama kipande cha sukari. Uongo mdogo wa adabu, wa aina ambayo mji mzima unautumia kulainisha siku. Hata baba yake angeupokea kwa mikono miwili. Wahenga husema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Hapa alipewa njia ya kutokufa macho wala moyo, na gharama yake ni sentensi moja.

"Na mwaka kesho," aliuliza taratibu, "mama yako akisema niache kazi, nitaumwa nini? Akitaka tuhamie kwake, itakuwa mapafu?"

"Mwaka kesho tutaona."

"Tutaona kwa macho ya nani?"

Wazee walikuwa wanatoka kwenye kibanda. Bwana Heshmat alikuwa ameshinda ubishi wa chai na kuilipia, na Bi Turan alitembea mbele yake na uso wa mtu aliyekubali kushindwa kwa sababu ana ushindi mkubwa zaidi mkononi.

"Kipimo?" aliuliza.

"Daktari amekataa, Mama," alisema Ardalan. "Konea yake nyembamba. Haiwezekani."

Alilisema kwa ulaini kabisa, jicho halikupepesa. Taraneh alishtuka kuona alivyo hodari. Ule ujasiri aliomwomba mwaka mzima, kumbe alikuwa nao. Alikuwa ameuweka kwa kazi hii.

Bi Turan alisimama. Akamtazama Taraneh kutoka kichwani hadi miguuni, kama mtu anayekirudia kitambaa alichokwisha kukikata.

"Kumbe hata kutengenezeka hayatengenezeki." Akamgeukia Bwana Heshmat. "Ulinificha nini, bwana? Hata pistachio zilizooza mtu mwaminifu humwonyesha mnunuzi kabla ya kupima. Wewe uliniinamishia kichwa, mkono kifuani, ukanipimia gunia limefungwa."

Bwana Heshmat alifungua mdomo. "Bi Turan, unyayo wako uko juu ya kichwa changu, hasira yako ni haki, sisi ni vumbi..." Maneno yalimtoka kwa mazoea, yale ya hariri, mengine hakuwa nayo. Alikuwa ametukanwa kwa kazi yake, mbele ya binti yake, naye alikuwa anashukuru.

"Baba, acha," alisema Taraneh.

Akainuka kwenye benchi.

"Konea yangu ni nzima, Bi Turan. Unene unatosha, muuguzi ametuambia hapa sasa hivi. Daktari hakukataa. Ninayekataa ni mimi. Labda siku moja nitataka, nitakwenda mwenyewe kwa miguu yangu. Leo sitaki. Nakushukuru kwa zawadi, na siichukui."

"Mara ngapi unaikataa?" aliuliza Bi Turan kwa kejeli. "Moja? Mbili? Nisisitize?"

"Mara moja. Inatosha."

Bwana Heshmat alimtazama binti yake, kisha akaondoa mkono wake kifuani. Ulikuwa umekaa pale muda wote, na sasa hakujua auweke wapi. Akauweka mfukoni.

"Bi Turan," alisema, na sauti yake ilikuwa ngeni hata kwake, "mimi nilisema macho yake ni yako. Nilisema kwa adabu, na wewe ulijua nimesema kwa adabu. Si yako. Wala si yangu. Neno langu nalichukua."

"Kwenu neno huchukuliwa?"

"Tangu leo."

Kwa mara ya kwanza siku ile Bi Turan alionekana mtu mzima, na amechoka. Alikuwa amemgeukia mwanawe, na katika macho yake, yaliyoona mbali na karibu bila msaada wa kioo chochote, palikuwa na kitu kinachofanana na hofu.

"Ardalan. Nitazame. Daktari amekataa, au huyu amekataa?"

Ardalan aliutazama mlango wa kliniki.

"Nimekuuliza. Mimi nimekuzaa, nimekulea bila baba. Hujawahi kunidanganya. Kati yangu na huyu, nani mwongo hapa?"

"Mama, si mahali pake hapa..."

"Jibu tu, Ardalan," alisema Taraneh. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilimtisha. "Siombi unitetee. Sema tu yaliyotokea. Mweleze ulivyosikia, basi. Mengine nitayabeba mimi."

Alimaanisha. Kama angesema, hata kwa kunong'ona, hata akiwa ametazama pembeni, angemsamehe pini na peremende, angemsamehe na lile neno la vijisanduku, angeingia katika nyumba ya mwanamke yule na miwani yake usoni na kupigana humo miaka ishirini. Alimtazama kidevu, lile kovu, koo lililopanda na kushuka. Wanawake wawili waliompenda walikuwa wamesimama kila mmoja upande wake, na kila mmoja alikuwa anaomba kitu kilekile.

Ardalan aliinama. Akapiga goti moja juu ya mawe ya ua, akaanza kufunga kamba ya kiatu chake cha kulia, polepole, kwa uangalifu mkubwa, kichwa chini.

Kwa miwani yake, kutoka pale alipokuwa, Taraneh aliona waziwazi kwamba kamba ile haikuwa imefunguka.